Mnyoo wa chambo na ukingo wa kahawia: jibu kwa mvuvi wa Mikindani

Swali: "Mwalimu, assalaam aleikum. Mimi ni mvuvi wa mshipi, nakaa Mikindani ya Mombasa, na chambo changu nachimba mwenyewe kwenye matope ya hori ya Tudor maji yakipwa. Juzi kwenye kikao mzee mmoja alisema wachimba chambo tunaiharibu pwani. Mwingine akamjibu kuwa pwani inaliwa na minyoo wenyewe, maana kazi yao ni kula tope, na sisi tukiwatoa tunaisaidia. Nani mkweli? Tena nikipindua tope ni jeusi na linanuka, lakini kuzunguka tundu la mnyoo huwa la kahawia. Kwa nini? Na mwanangu alishika mnyoo huko mawambani akawashwa kiganja siku mbili. Je, wana sumu?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nitaanza na ile kahawia, kwa sababu umekiona mwenyewe kitu ambacho wanafunzi wangu hukipita kila siku, na ukikielewa hicho ugomvi wa wazee wako utajitatua nusu.

Safari ijayo usipindue tope kwanza. Chukua panga kali, kata bonge wima kama unavyokata mkate wa sinia, litoe zima, ulilaze ubavu juani. Juu kabisa utaona ngozi nyembamba ya kahawia, unene wake kama sarafu. Chini yake kijivu kidogo, kisha weusi tititi hadi mwisho wa bonge. Ile ngozi ya juu ndiyo mpaka wa hewa. Kwenye tope laini kama letu oksijeni ya maji hupenya milimita chache tu, basi. Bakteria wanaokula majani ya mikoko yaliyooza na mabaki mengine huimaliza njiani. Bakteria wa chini zaidi hawaipati kabisa, kwa hiyo wanapumulia salfeti, chumvi ambayo maji ya bahari yanayo tele, karibu gramu 2.7 kwa kila lita. Wakishaitumia wanaacha hidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza inayokukaa kwenye nguo hadi nyumbani. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo ndani ya tope hufanya salfaidi ya chuma, na hiyo ndiyo rangi nyeusi. Usiuchukulie weusi huo kuwa uchafu wa mji. Maji taka huuzidisha, hilo kweli, lakini hata Gazi, kwenye mikoko iliyotunzwa, ukichimba utaukuta.

Sasa fuatisha tundu kwa ncha ya kisu. Linashuka ndani ya weusi sentimita ishirini, thelathini, linapinda, wakati mwingine linarudi juu kutokea upande wa pili. Kote linakopita limevaa ala ya kahawia ya milimita kadhaa. Rangi hiyo ni kutu. Chuma kilekile kilichokuwa cheusi kimepata oksijeni, kikashika kutu kama msumari ulioachwa nje wakati wa mvua. Na oksijeni imefikaje huko chini? Mnyoo kaileta. Ndani ya tundu lake anaupeperusha mwili kwa mawimbi, kutoka kichwani hadi mkiani, na kila wimbi linasukuma maji mapya mbele na kutoa ya zamani. Anasukuma kwa vipindi: dakika kadhaa kazi, dakika kadhaa kimya. Ukitaka kumwona, weka tope na mnyoo mmoja kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, mimina maji ya bahari juu, funga kitambaa cheusi ubavuni. Baada ya siku tatu nne dondosha tone la rangi ya chakula karibu na mdomo wa tundu. Rangi itavutwa ndani kama moshi unaoingia dirishani, kisha itatulia, kisha itavutwa tena.

Mimi nilijifunza hili kwa hasara. Zamani niliwahi kuacha chupa kumi za namna hiyo ofisini mwisho wa wiki, kila moja na pampu yake ndogo ya hewa. Umeme ukakatika Ijumaa usiku, ukarudi Jumapili. Jumatatu nilipofungua mlango harufu ilinipokea kabla sijawasha taa. Minyoo walikuwa wamekufa karibu wote, na zile ala za kahawia nilizozipima kwa rula wiki nzima zilikuwa zimeanza kuwa kijivu, nyingine nyeusi kabisa. Hakuna aliyegusa tope. Msukuma maji alikuwa amekufa, na siku mbili zilitosha weusi kurudi. Nilipoteza vipimo vya miezi miwili, lakini tangu siku hiyo nikiona tundu lenye ukingo wa kahawia najua mwenyewe yumo na yu hai, na nikiona tundu jeusi ndani najua nyumba haina mtu.

Sasa tupige hesabu ya kalamu tu. Chukua tundu lenye upana wa sentimita 1 na urefu wa sentimita 60. Ukuta wake, ukiukunjua kama karatasi, ni kama sentimita za mraba 188. Kwenye mita moja ya mraba weka matundu 50 ya namna hiyo: unapata zaidi ya sentimita za mraba 9,400. Mita yenyewe ina 10,000. Maana yake, minyoo 50 wameongeza uso wa tope unaogusana na maji karibu maradufu, bila wewe uliyesimama juu yake kuona chochote zaidi ya vitobo.

Na uso huo una kazi. Salfaidi, ambayo ni sumu kwa mizizi na kwa wanyama, inapokutana na oksijeni ukutani inageuzwa kuwa kitu kisichodhuru. Fosfeti inanasa kwenye kutu badala ya kurudi majini kulisha mwani. Nitrojeni nayo ina safari yake: amonia inayotoka chini hufanywa naitreti kwenye sehemu yenye hewa, kisha milimita chache pembeni, pasipo hewa, bakteria wengine huigeuza kuwa gesi ya kawaida inayopotea angani. Kwa hori kama Tudor, inayopokea maji ya vyoo na mashimo ya mji mzima, huo ni usafi usiolipiwa na mtu. Upande wa mikoko, mwaka 1991 watafiti kule Queensland, Australia, walichapisha matokeo ya kuwaondoa kaa wachimbaji kwenye vipande vya msitu: salfaidi na amonia ziliongezeka udongoni, na mikoko ikakua polepole kuliko pale palipoachwa na kaa wake. Hao ni kaa, si minyoo, na mashimo ya kaa ni makubwa zaidi, lakini kanuni ya hewa ni hiyohiyo.

Kwa kuwa nimetaja kaa, niseme na hili: si kila kichuguu unachokiona ni cha mnyoo. Vile vijidonge vya mchanga vilivyopangwa kama shanga kuzunguka shimo ni mabaki ya chakula cha kaa wadogo. Vilima vyenye tundu juu kama volkeno, vinavyotema mchanga, mara nyingi ni kazi ya kamba wachimbaji wanaoishi chini sana. Kinyesi cha mnyoo kinakaa kama uzi uliokunjwakunjwa, au tambi zilizomwagika. Wako wachimba chambo wanaopoteza nusu saa kwenye shimo la kamba.

Turudi kwa mzee wa pili, aliyesema minyoo wanaila pwani. Kwamba wanakula tope ni kweli. Sehemu kubwa ya tope ni madini yasiyolika, chakula ni asilimia chache tu, kwa hiyo mnyoo wa aina hiyo hana budi kumeza nyingi ili ashibe kidogo. Lakini anachomeza kinatoka. Wapo wanaokaa kichwa chini, wanakula kwenye kina na kunya juu, kwa hiyo wanafanya kazi ya mkanda wa kupandishia mizigo: tope la chini linaletwa juu, la juu linazama taratibu, na baada ya muda yote yamepita tumboni. Madini hayapungui hata gramu. Kinachobadilika ni umbo: vumbi laini limefungwa kwa ute likawa punje. Na si wote wanaokula tope kwa namna hiyo. Huyo wako wa chambo, mrefu, mwenye taya nyeusi na matamvua mekundu ubavuni, inaelekea ni wa jamii ya Marphysa. Spishi moja yao, Marphysa mossambica, ilipewa jina mwaka 1854 kutokana na minyoo wa Msumbiji, na inajulikana pwani yetu kuwa chambo. Wekundu wa matamvua yale ni damu yenye himoglobini kama yako, ndiyo maana ukimkata kwa ndoana anatoka damu nyekundu. Wafaransa wamefika mbali zaidi: kuna kampuni huko inayotengeneza kutokana na damu ya mnyoo wa ufukweni wa Ulaya dawa ya kuhifadhia figo zinazosubiri kupandikizwa.

Anavyopita tope nako kuna siri. Kwa miaka mingi tulidhani anachimba kama fuko, anasukuma tope pembeni. Mwaka 2005 kundi la watafiti wa Marekani na Kanada lilimweka mnyoo wa baharini ndani ya jeli angavu, kwa kuwa jeli hujibu nguvu kama tope linavyojibu, wakamtazama kwa mwanga maalumu unaoonyesha mahali palipobanwa. Wakaona kwamba anapasua. Anatoa koromeo lake nje kama kabari, analitanua, ufa unakimbia mbele yake, naye anateleza ndani ya ufa. Ukitaka kujua ilivyo, chukua faluda iliyoganda vizuri, choma kisu, kisha kizungushe kidogo: ule mpasuko unaotangulia ncha ya kisu ndio barabara ya mnyoo. Haimpi kazi nyingi kama unavyodhani, na ndiyo maana ukikanyaga kwa kishindo anakuwa ameshakwenda. Mchangani hali ni tofauti, punje hazipasuki, zinasogezwa. Lakini wewe uko topeni.

Je, mpasuko na punje hizo zinalegeza pwani? Hapa siwezi kukupa jibu la neno moja, na mtu atakayekupa usimwamini. Inategemea mnyoo gani na ni wangapi. Minyoo wanaokula tope wakijaa mahali huliacha la juu likiwa teketeke, limejaa maji, na mkondo mdogo unalitibua. Mwaka 1970 watafiti wawili wa Marekani walieleza jambo hili katika ghuba ya Buzzards: viumbe wanaokula tope walikuwa wamelifanya laini kiasi kwamba viumbe wanaochuja maji hawakuweza kukaa, tope likiwaziba. Wengine hulamba ule utando wa kahawia ya dhahabu unaotelezesha mguu asubuhi, utando wa mimea midogo sana ambao ndio gundi ya tope. Ukilambwa, tope linafumuka. Hapo mzee wako ana hoja.

Lakini upande wa pili wapo wajenzi wa mirija. Hawa hushikanisha mchanga, vipande vya magamba na majani kwa ute wao, wakajijengea bomba linalochomoza juu. Nenda Nyali, simama pale wimbi linapofia, uache maji yarudi: mchanga unachimbika kuzunguka visigino vyako na unaanza kuzama. Mrija mmoja peke yake hufanyiwa hivyohivyo, maji yanauzunguka kwa kasi na kufukua. Mirija ikisongamana, mkondo unapita juu ya vichwa vyake kama upepo juu ya shamba la mtama, na chini kunakuwa shwari, vumbi linatua na kubaki. Hili lilipimwa vizuri mwaka 1981. Kwa hiyo mnyoo yuleyule, nyumba ileile, akiwa mmoja analegeza na wakiwa elfu wanashika. Ongeza ute unaopakwa ukutani mwa kila tundu, unaolizuia lisiporomoke hata baada ya kupwa na kujaa mara nyingi, nawe utaona kwa nini nasita kusema "wanaila".

Kama pwani yenu Mikindani inarudi nyuma, mimi ningetazama penye mikoko iliyokatwa kabla sijamtazama mnyoo. Mzizi wa mkoko ukioza hakuna mnyoo wa kuuziba mwanya wake. Na tatizo la hori zetu mara nyingine ni tope kuzidi: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwa mto Mwache hadi mizizi ya kupumulia ikafukiwa na mikoko ikafa. Mnyoo akifunikwa na sentimita chache hupanda. Akifunikwa kwa kina cha goti, hapo tena.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi kuliko majembe yenu. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa kaa wenye madume wa gando moja kubwa, hapahapa Afrika Mashariki, ukilinganisha mikoko ya kando ya mji inayopokea maji taka na mikoko isiyopokea. Kwenye maji taka kaa walikuwa wengi zaidi kwa uzito, lakini tope walilolifanyia kazi lilikuwa pungufu kwa kiasi kikubwa. Chakula kimekuja mlangoni, kazi ya nini? Mtu akipita akaona kaa tele atasema mahali pana afya, kumbe chini hapalimwi.

Sasa wewe na jembe lako. Mzee wa kwanza amekaribia ukweli kuliko wa pili, ila sababu siyo hasa idadi ya minyoo unaowatoa, mradi mnahamahama na kuwaacha wadogo. Hasara kubwa ni bonge jeusi unaloliacha juu. Umeyakata matundu yote yaliyokuwa yakiingiza hewa, umeileta salfaidi juani, na shimo ulilolitoa limekuwa dimbwi ambamo tope jingine litaoza. Shimo lililoachwa wazi kwenye tope tulivu la hori laweza kuonekana muda mrefu sana, kwa sababu hakuna wimbi la kulifuta; mchangani mwa Bamburi bamvua moja lingetosha. Kwa hiyo: ukishatoa chambo, rudisha bonge lilivyokuwa, weusi chini, kahawia juu, ulikandamize kwa mguu. Dakika moja kwa shimo. Usichimbe ndani ya mizizi, hata kama ndiko wanakonona. Hatua kumi nje ya mstari wa mikoko wapo wa kutosha. Na msichimbe safu kwa safu kama mnalima. Acheni vipande katikati ili wa pembeni wahamie.

Upande wa Makupa na Kibarani nakuomba usichimbe kabisa. Pale pamemwagwa taka za mji miaka mingi, na mwaka 1988 mafuta yalimwagika Makupa yakaua mikoko. Tope la chini huyafunga madini mazito kwenye ile salfaidi nyeusi. Ukilipindua likapata hewa, huanza kuyaachia. Kaskazini-mashariki mwa Uingereza ilionekana hivyo, katika utafiti wa 1985: uchimbaji wa chambo uliongeza risasi na kadimi zinazoweza kuingia miilini mwa viumbe. Na mafuta yana subira. Kule Massachusetts, Marekani, tishari moja lilimwaga mafuta mwaka 1969. Karibu miaka 40 baadaye kaa wa kinamasi kile walikuwa bado wanachimba mashimo mafupi, wakifika tabaka la mafuta wanageuza njia. Tangu daraja jipya la Makupa lifunguliwe mwaka 2022 maji yanapita pale palipokuwa pamezibwa na tuta, jambo zuri, lakini kilicholala topeni hakijaondoka kwa kupitiwa na maji.

Mwisho, kijana wako. Huyo wako wa chambo ana taya, anaweza kumfinya, hana sumu ya kumwasha siku mbili. Umesema alikuwa mawambani, basi nadhani alishika mnyoo-moto: mnene, bapa, mwenye vishada vyeupe vya manyoya ubavuni. Manyoya yale ni sindano zinazovunjikia ndani ya ngozi. Asisugue. Bandika utepe wa gundi juu ya kiganja, uvute taratibu, rudia mara kadhaa kwa utepe mpya, kisha aoshe. Akivimba au akihisi kubanwa pumzi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Na siku nyingine akipindua jiwe la matumbawe, alipindue kwa kijiti, kisha alirudishe lilivyokuwa, maana chini yake nako kuna wenyewe.